Hofu ya Sinema Utotoni: Kutoka Hadithi za Usiku hadi Kibanda cha Video

Hofu ya sinema utotoni ni woga unaompata mtoto kwa kutazama picha, kisha ukabaki naye miaka mingi baada ya picha yenyewe kwisha. Mara nyingi chanzo chake si filamu ya kutisha iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wazima. Huwa ni filamu ambayo wazazi waliiona salama: hadithi ya binti mfalme yenye mchawi ndani yake, filamu ya dini, au kisa cha mnyama mdogo anayefiwa na mama yake. Mtoto hukua, husoma, huoa au kuolewa, naye pia huzaa. Lakini sura moja ya picha ile ikimjia usiku, moyo humwenda mbio vilevile.

Katika maeneo kama Kanazi, kata ya Wilaya ya Ngara mkoani Kagera, historia ya hofu hiyo haianzii ukumbini. Kumbi za sinema zilijengwa mijini. Zanzibar ilipata jumba lake la Royal mwaka 1921, na miji mikubwa ya Tanganyika ikafuata. Nyanda za juu za Ngara na wilaya jirani ya Biharamulo, nchi ya migomba na kahawa karibu na mipaka ya Burundi na Rwanda, zilikuwa mbali na kumbi hizo. Huku sinema iliingia kwa gari, baadaye kwa deki na jenereta, na mwisho kwa simu ya mkononi. Kila njia ilikuja na namna yake ya kumketisha mtoto mbele ya picha. Namna hizo ndizo zinazoeleza kwa nini hofu ya mtoto mmoja ilipita usiku uleule na ya mwingine ikadumu.

Zimwi kabla ya sinema

Watoto wa Ngara hawakungoja sinema ili waogope. Wahangaza na Washubi, kama majirani zao Warundi, Wanyarwanda na Wahaya, wana hazina ya hadithi za mazimwi yanayomeza watu, wanyama wanaosema na watoto wanaopotea porini. Hadithi hizo zilitolewa usiku kando ya moto, baada ya kazi za shamba. Katika jamii nyingi za Kibantu ulikuwapo hata mwiko wa kuzisimulia mchana.

Hofu hiyo ilikuwa na mipaka. Kwanza, msimulizi alikuwa bibi, mama au shangazi, mtu aliyemfahamu kila mtoto aliyeketi pale. Aliziona nyuso zao. Akimwona mdogo ameanza kutetemeka, aliweza kulegeza sauti, kuingiza wimbo, au kumfikisha zimwi mwisho wake upesi. Pili, hadithi ilikuwa na mlango wa kuingilia na wa kutokea: maneno ya kuifungua na maneno ya kuifunga, ambayo watoto waliyaitikia kwa pamoja. Tatu, mwisho wenyewe ulirudisha usalama. Katika visa vingi vya aina hii zimwi huuawa, tumbo lake hupasuliwa, na waliomezwa hutoka wakiwa hai. Mtoto aliogopeshwa, kisha akatolewa katika hofu na mtu yuleyule aliyemtia ndani yake.

Zimwi lenyewe halikuwa na sura iliyokamilika. Kila mtoto alilichora kichwani mwake kwa ukubwa ambao angeweza kuubeba. Sinema ililipa zimwi sura moja kwa wote, sura ambayo haimsubiri mtoto wala haipungui kwa kilio chake.

Gari la sinema

Mradi wa kwanza mkubwa wa kutengeneza filamu kwa ajili ya watu wa vijijini Afrika Mashariki ulifanyika Tanganyika. Uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, ukaendeshwa kati ya mwaka 1935 na 1937 kutoka Vugiri katika milima ya Usambara. Nyuma yake lilikuwapo Baraza la Kimataifa la Wamisionari, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, na waongozaji wake walikuwa L. A. Notcutt na G. C. Latham. Ulitoa filamu 35 kuhusu kilimo, afya, akiba na mambo ya jamii. Lori lenye projekta na mtambo wa umeme lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, na maelezo ya picha yalitolewa kwa lugha za wenyeji.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda kitengo cha filamu kwa makoloni yake, kikaongozwa na William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya filamu za afya Nigeria. Kitengo hicho kilidumu hadi 1955 na kilieneza magari ya sinema katika makoloni mengi. Mpango wa jioni ulifanana karibu kila mahali. Gari lilifika kabla ya jua kuzama, shuka jeupe likatandazwa kati ya nguzo, jenereta ikawashwa, watu wakaketi chini, watoto mbele kabisa. Kando ya shuka alisimama mfasiri mwenye kipaza sauti. Yeye ndiye aliyewaambia watu wanachokiona, akajibu maswali, akawanyamazisha wenye kelele na kuwatuliza walioshtuka.

Katika miaka ya mwanzo ya 1950 zilitengenezwa pia filamu za hadithi kwa Kiswahili, miongoni mwake Muhogo Mchungu. Mmoja wa waigizaji wake alikuwa Rashidi Kawawa, mtumishi wa serikali wakati huo, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Filamu hizo ziliwaonyesha watazamaji watu wanaofanana nao na wanaosema lugha yao, jambo lililokuwa adimu katika sinema iliyotoka nje.

Hofu ya gari na hofu ya picha

Katika miaka ya ukoloni gari la usiku lilikuwa na sifa mbaya katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki na Kati. Pwani walizungumzwa mumiani, bara wakazungumzwa chinjachinja, Uganda bazimamoto, na Rhodesia ya Kaskazini banyama. Wote walisemwa kuwa ni watu wanaokamata wenzao na kuwatoa damu kwa faida ya wakubwa. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uvumi huo, ameonyesha jinsi magari ya zimamoto, ya wagonjwa na mengineyo yenye mitambo isiyofahamika yalivyoingizwa katika masimulizi hayo. Katika hali hiyo gari la serikali, lenye mtambo unaonguruma gizani, lilimpa mtoto aliyekwisha kusikia habari za mumiani sababu ya kuogopa kabla picha ya kwanza haijaonekana. Mizizi ya hofu hiyo ilikuwa katika maisha halisi ya ukoloni: kuhesabiwa, kudungwa sindano, kutozwa kodi, kupelekwa kazini mbali.

Maofisa wa filamu walieleza mambo kwa namna nyingine. Walidai kuwa Mwafrika, mkubwa kwa mdogo, hawezi kutofautisha picha na kitu halisi. Sellers alishauri filamu ziende polepole na ziepuke hila zote za kamera. Kisa kilichopendwa kusimuliwa kilihusu filamu ya malaria: watazamaji walipomwona mbu aliyekuzwa akijaza shuka zima, wakasema kwao hakuna mbu wakubwa kiasi kile, hivyo hawana cha kuhofia. Kisa hicho kilisimuliwa kuhusu nchi nyingi tofauti, kwa maneno yaleyale, na wanahistoria kama James Burns wamekitilia shaka.

Ulaya ina kisa pacha. Husemwa kuwa ndugu Lumière walipoonyesha filamu yao ya treni inayoingia stesheni ya La Ciotat, watazamaji wa Paris walikurupuka vitini wakidhani watakanyagwa. Watafiti wa historia ya sinema wamechunguza habari hiyo na kuona kuwa haina ushahidi wa kutosha. Visa vyote viwili vinafanya kosa moja: vinachukua mshtuko wa kawaida wa macho na kuufanya ushahidi wa ujinga. Hofu ya sinema haina kabila wala rangi. Ina umri.

Watoto wa nchi zenye sinema nyingi

Ushahidi wa hilo unapatikana Marekani na Uingereza, ambako watoto walizaliwa wakikuta sinema. Mwaka 1933 mwanasosholojia Herbert Blumer alichapisha matokeo ya kuwahoji watoto wa shule wa Marekani. Asilimia 93 walisema wamewahi kutishwa na filamu. Filamu ya katuni ya Disney, Snow White and the Seven Dwarfs, ya mwaka 1937, ilipofika Uingereza wakaguzi waliipa daraja lililomtaka mtoto aende na mtu mzima, kwa sababu ya malkia anayejigeuza ajuza mchawi na miti ya msituni inayonyoosha mikono. Bambi ya mwaka 1942 imewaliza watoto wa vizazi vingi kwa mlio mmoja wa bunduki, ambao baada yake mama wa paa mdogo haonekani tena.

Mfano mkubwa kuliko yote ni filamu ya The Wizard of Oz ya mwaka 1939. Mchawi wake mwenye uso wa kijani aliigizwa na Margaret Hamilton, aliyewahi kuwa mwalimu wa chekechea, na baadhi ya vipande vyake vilikatwa kabla ya filamu kutolewa kwa kuhofiwa kuwa vikali mno. Mwaka 1975 Hamilton alialikwa katika kipindi cha watoto cha Fred Rogers, akavaa mavazi yale hatua kwa hatua mbele ya kamera ili watoto waone kuwa mchawi ni mtu aliyejivika nguo. Mwaka uliofuata aliigiza mchawi huyohuyo katika kipindi cha Sesame Street. Wazazi wengi walilalamika kuwa watoto wao wameogopa, na kipindi hicho kikaondolewa katika marudio. Vazi lilelile la mwigizaji mmoja lilituliza watoto pale lilipofafanuliwa, likawatisha pale lilipoachwa bila maelezo.

Kwa nini hofu hudumu

Mtafiti Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alitumia miaka mingi kuchunguza jambo hili. Utafiti alioufanya na Kristen Harrison, uliochapishwa mwaka 1999, uliwauliza wanafunzi wa vyuo vikuu kuhusu filamu au kipindi kilichowatisha walipokuwa wadogo. Asilimia 90 walikumbuka angalau kimoja, na takriban robo walisema hofu hiyo bado wanayo.

Utafiti wa aina hii umeonyesha kuwa hofu hufuata hatua za kukua. Mtoto wa miaka mitatu hadi saba huhukumu kwa macho. Kiumbe mwenye sura mbaya humtisha hata kama ni mwema, na jambo linalomsumbua zaidi ni kugeuka: mtu mwenye sura ya kawaida anapokuwa mwingine mbele ya macho yake. Ndiyo maana watoto wadogo wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970 waliingiwa na hofu kwa kutazama kipindi cha televisheni cha The Incredible Hulk, ambamo mtu wa kawaida hugeuka jitu la kijani, ingawa jitu hilo liliwasaidia wanyonge. Mtoto wa miaka minane na kuendelea huanza kuogopa yanayoweza kutokea: wezi, moto, kutekwa, kifo cha mzazi.

Njia za kutuliza nazo hutofautiana. Kumwambia mtoto wa miaka minne kuwa mambo yale si ya kweli hakumsaidii sana. Atayakariri maneno hayo na bado ataogopa. Kinachomsaidia ni kushikwa, kuondolewa mbele ya picha, kupewa kinywaji, na baadaye kuzoezwa kidogokidogo. Mkubwa wake hufaidika na maelezo: picha inatengenezwaje, na jambo lile linaweza kutokea au haliwezi. Woga ulioingia bila kutulizwa hukaa katika kumbukumbu isiyotii hoja. Mtu mzima anajua wazi kuwa hakuna hatari, lakini mwili wake hukumbuka na kuitikia.

Filamu ya dini uwanjani

Baada ya Uhuru magari ya sinema yaliendelea chini ya wizara za serikali, na mwaka 1968 ikaanzishwa Kampuni ya Filamu Tanzania. Televisheni haikuwapo Tanzania Bara hadi mwaka 1994. Kwa hiyo kwa watoto wengi wa vijijini picha iliyotembea ilibaki kuwa tukio la nadra, na tukio la nadra hukumbukwa kwa nguvu.

Miongoni mwa filamu zilizofika mbali kuliko nyingine zote vijijini ni ile inayojulikana kama Filamu ya Yesu, iliyotolewa mwaka 1979. Inafuata Injili ya Luka, Yesu anaigizwa na Brian Deacon, na imeingizwa sauti za lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili kikiwa miongoni mwake. Vikundi vya uinjilisti viliionyesha usiku katika viwanja vya makanisa, vya shule na vya mpira, bila kiingilio, na kijiji kizima kilialikwa pamoja na watoto. Ni filamu ya familia kwa maana kamili ya neno.

Lakini Injili ya Luka ina mtu mwenye pepo anayekaa makaburini na kukata minyororo, ina nguruwe wanaotumbukia ziwani, na ina kusulubiwa. Mtu mzima anaujua mwisho. Mtoto wa miaka mitano aliyefundishwa kumpenda Yesu anaona misumari ikigongelewa mikononi mwa mtu huyohuyo, katika lugha anayoielewa, mbele ya wazazi wanaolia. Machozi ya mama humthibitishia kuwa jambo hili ni la kweli. Ufufuo unakuja baadaye kidogo tu, ila kwa mtoto aliyeficha uso, au aliyekwisha kulala kwa uchovu, filamu iliishia msalabani.

Wahubiri wengi walisimamisha filamu au waliongea baada yake, wakaombea watu na kufafanua. Hapo kazi ya mfasiri wa zamani ilipata mrithi. Pale ilipokosekana, watoto walirudi nyumbani gizani wakiwa na picha bila maneno.

Kibanda umiza

Mikanda ya video ilipoenea katika miaka ya 1980 na 1990, sinema iliacha kuja kama mgeni. Ilihamia kwenye mabanda ya miti na maturubai, yenye mabenchi, televisheni moja, deki na jenereta. Watu waliyaita vibanda umiza. Kiingilio kilikuwa kidogo, na watoto waliingia na sarafu walizotumwa nazo dukani. Filamu za mapigano za Marekani na Hong Kong, za Kihindi na za Kinaijeria zilifuatana bila kujali nani ameketi mbele.

Katika vibanda hivyo alizaliwa tena mfasiri. Uganda ilitangulia kuwa na wasimulizi wa video. Nchini Tanzania mwenye jina kubwa alikuwa Lufufu, ambaye sauti yake ya Kiswahili ilirekodiwa juu ya filamu za kigeni na kuuzwa kwa kanda. Alieleza stelingi ni nani na adui ni nani, akafafanua yanayotendeka na kuchekesha. Kwa mtoto, kicheko katikati ya kitisho ni msaada mkubwa, kwani kinamwambia kuwa kuna mtu mzima humu anayeijua njia ya kutoka.

Kisha Tanzania ikaanza kutengeneza filamu za kutisha za nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi aliongoza Nsyuka na Shumileta, filamu za mizimu na majini. Kitisho chake kilikuwa cha karibu: nyumba kama za hapa, makaburi kama ya hapa, viumbe ambao mtoto alikwisha kusikia wakitajwa na watu wazima kwa uzito. Hakuweza kujifariji kuwa mambo hayo ni ya Wazungu.

Sheria ilikuwapo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 iliweka utaratibu wa kukagua filamu kabla ya kuonyeshwa hadharani, na Bodi ya Filamu hupanga madaraja kwa umri wa watazamaji. Ila mkaguzi hafiki katika kila kibanda cha kijijini, na kava ya kanda iliyonakiliwa haikuonyesha daraja lolote.

Watoto waliokwisha kuona

Ngara ina sura moja katika historia hii isiyofanana na ya wilaya nyingi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wanaokadiriwa kufikia robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, ambako mauaji ya kimbari yalikuwa yakiendelea, na kambi ya Benaco ikawa katika siku chache makazi ya watu wengi kuliko karibu miji yote ya Tanzania. Wakimbizi wa Burundi nao waliishi katika kambi za wilaya hiyo kwa miaka. 

Kwa mtoto aliyeona mauaji, panga katika filamu si la filamu. Picha inamrudisha mahali alipokwisha kuwa. Mashirika yaliyoonyesha sinema katika kambi za wakimbizi, kama FilmAid iliyoanzishwa mwaka 1999 na kufanya kazi Kakuma nchini Kenya, yalilazimika kuchagua filamu kwa uangalifu wa pekee na kuwapa watu nafasi ya kuzungumza baada ya kutazama. Walimu na wazazi wa Ngara, ambako wenyeji nao waliiona mito ya watu ikipita na maiti zikielea katika mto Kagera, wana sababu zaidi ya wengine kulizingatia hilo.

Simu, na anayeketi kando ya mtoto

Leo filamu iko kiganjani. Mtoto wa Kanazi anaweza kutazama katuni, kisha simu yenyewe ikamletea nyingine ambayo hakuna mtu mzima aliyeichagua. Hatazami uwanjani na kijiji wala kibandani na wenzake. Hutazama peke yake, chini ya shuka, na akishtuka hakuna anayemwona.

Katika safari yote hii, kutoka bibi kando ya moto, mfasiri kando ya shuka jeupe, mhubiri uwanjani, hadi Lufufu kwenye kanda, mara nyingi kitisho kiliambatana na sauti ya mtu mzima aliyemweleza mtoto yanayotendeka. Simu ndiyo ya kwanza kuiondoa sauti hiyo kabisa. Wazazi, walezi na walimu wairudishe. Waitazame filamu kabla ya mtoto au pamoja naye, waizime anapoficha uso, wamshike aliye mdogo na kumweleza aliye mkubwa, na wasimcheke anayeogopa. Mtu mzima ambaye bado anabeba hofu ya namna hii naye asione haya. Haikumpata kwa udhaifu wake. Ilimpata akiwa mtoto, usiku ambao hakuna aliyemfafanulia alichokiona.